Nafasi Tatu za Fomu ya Kiapo

Jumatatu, tarehe 9 Machi. Asubuhi ilikuwa na mawingu mazito na manyunyu yaliyoanza kabla sijamaliza sala. Mamlaka ya hali ya hewa ilikuwa imetangaza jua kali nchi nzima, kwa hiyo watumishi wote wa serikali tulikwenda kazini bila miavuli, tukalowa kwa utii.

Naandika juu ya nchi yetu. Jina lake silitaji, kwa kuwa jina ni taarifa binafsi, na nchi haijanipa ridhaa ya maandishi.

Mimi ni Ofisa Msaidizi wa Maadili katika Wakala wa Kulinda Taarifa na Maadili ya Utafiti. Jengo letu lina ghorofa sita, na kazi yetu ni moja tu: mtafiti akichukua kitu cha mwananchi, iwe damu yake, umri wake au idadi ya meno yake, sisi tunahakikisha kwamba kitu hicho hakimfikii mtu asiyehusika. Kwa miaka ishirini na mbili nilikuwa mpika chai wa jengo hilo hilo. Nilipofikisha miaka arobaini na minane nilianza madarasa ya jioni katika shule ya msingi iliyo jirani na kwetu, kwenye dawati ambalo magoti yangu hayakuingia, na Bwana akanijalia nikafaulu. Cheti changu nakitunza ndani ya Biblia, kwenye Zaburi, ili kisikunjike.

Mwalimu wetu wa jioni aliitwa Kiswaga. Alitufundisha kuandika barua, kupiga hesabu na kujaza fomu, na kwenye fomu hakuwa na huruma.

"Sengasu," alikuwa akiniambia, "fomu ina nafasi kumi, wewe umejaza tisa. Hiyo ya kumi waliiweka kwa ajili ya nani?"

Nilifeli fomu mara mbili. Mara ya tatu nilijaza kila kitu, hata pale palipoandikwa Kwa Matumizi ya Ofisi, akanipa tisini na nane. Tangu hapo sijaacha nafasi wazi kwenye karatasi yoyote ya serikali.

Nataja hili kwa sababu Wakala wetu unaendeshwa kwa viapo. Mtu akijua jambo, hata kwa bahati mbaya, anaapishwa. Fomu ya Kiapo ina sentensi moja yenye nafasi tatu: Mimi, nafasi, naahidi mbele ya mashahidi hawa kwamba sitamwambia, nafasi, kwamba, nafasi. Wakubwa wangu wote huandika jina lao kwenye nafasi ya kwanza, "mtu yeyote" kwenye ya pili, na "chochote" kwenye ya tatu. Mfagizi aliapa hivyo baada ya kuona nyayo za Mkurugenzi Mkuu kwenye sakafu mbichi. Dereva aliapa asiseme gari linakokwenda, na tangu siku hiyo hata abiria wake hawaambiwi.

*

Mwaka juzi, mwezi wa Aprili, watafiti walikwenda Mtaa wa Mabanzi. Mtaa huo uko nyuma ya kiwanda kinachoyeyusha betri kuukuu za magari, na moshi wake hutua juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya maji na juu ya watoto. Watafiti walitoa damu watoto mia nne. Kila mzazi alitia dole gumba kwenye karatasi ya kurasa thelathini na moja iliyoahidi kwamba jina la mtoto litabaki siri milele. Akina mama walifurahi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuahidiwa na serikali kitu cha milele.

Majibu yalitoka. Watoto kumi na mmoja walikuwa na madini ya risasi kwenye damu, kwa kiwango cha kutisha. Madini hayo, kwa asiyejua, ndiyo yaliyomo ndani ya betri. Yakiingia kwenye damu ya mtoto hupanda kichwani na kula akili kidogo kidogo, bila kelele.

Wafadhili walileta dawa, maboksi kumi na moja. Na kwa kuwa wafadhili nao ni watu wa maadili, kila boksi liliandikwa namba ya mshiriki na si jina. Orodha inayounganisha namba na majina ilikuwa kwenye kabati la chuma, ghorofa ya sita. Kamati yetu ya Maadili ilikaa siku mbili. Ikaamua kwamba kabati hilo lisifunguliwe, ili kuwalinda watoto. Maboksi yakawekwa kwenye friji ya masijala, rafu ya chini, nyuma ya juisi ya ukwaju ya Mkurugenzi Mkuu.

Ripoti ya utafiti ilizinduliwa kwa sherehe. Mkurugenzi Mkuu wetu, Daktari Ngwanda, alisimama mbele ya watu wa Mabanzi akiwa amevaa suti ya rangi ya maziwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "ziko nchi zinazowatibu watoto wao na kuwaacha uchi mbele ya dunia. Sisi tumechagua heshima. Nasimama hapa kifua mbele kutamka kwamba watoto wetu hawa kumi na mmoja wamelindwa kiasi kwamba hata wao wenyewe hawajui kuwa ni wao."

Mama mmoja aliyekaa nyuma alisimama. "Mheshimiwa, samahani. Ni wa nani?"

"Swali zuri sana," alisema Daktari Ngwanda. "Ni wetu sote."

Tulipiga makofi. Keki ilikuwa na umbo la tone la damu, na ilikatwa vipande mia nne ili kila mtoto awakilishwe. Tulivila sisi.

*

Yule mama aliyesimama anaitwa Mama Atupele. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumatatu kwenye dirisha langu, na kwa sababu nilikuwa mgeni kwenye uofisa nilikuwa bado na tabia ya kuwasalimu watu.

"Kaka Eliakimu, habari za kwenu."

"Nzuri, mama. Atupele hajambo?"

"Hajambo ya kusema tu. Jana nilimwambia anihesabie viazi. Alifika ishirini na nne, akaniuliza, mama, baada ya hapo inakuwa nini?" Alishika ukingo wa dirisha. "Mtoto huyu mwaka juzi alikuwa anahesabu mpaka mia akiruka kamba. Halafu anarudi kinyumenyume, kwa kutuudhi. Leo ana miaka tisa anapotea kwenye viazi."

"Ulimpeleka zahanati?"

"Nilimpeleka. Mganga anasema dawa zipo, ila zinatoka kwa namba. Niende na namba. Na kaniambia niwahi, maana dawa inasafisha damu tu. Kilichokwisha kuliwa kichwani hairudishi."

"Namba ni siri, mama."

"Siri ya nani?"

"Ya mtoto."

"Mtoto si wangu?"

"Ndiyo maana tunamlinda."

Bi. Shamsa, karani wa masijala, aliyekuwa nyuma yangu akila karanga, hakuinua kichwa. "Mama, wewe nawe. Kila Jumatatu upo, kama gari la taka."

"Gari la taka kwetu halijawahi kufika, dada. Ungesema kama moshi ningekuelewa."

Bi. Shamsa alicheka mpaka karanga zikampalia. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa tu ameapa mara nyingi.

Nilimpa Mama Atupele fomu ya mzazi kuomba taarifa za mtoto. Aliileta Jumatatu iliyofuata, ikarudishwa, kwa sababu taarifa za mtu hazitolewi bila ridhaa yake mwenyewe. Mtoto wa miaka tisa hawezi kutoa ridhaa. Ridhaa yake hutolewa na mzazi. Lakini mzazi ndiye mwombaji, na mwombaji hawezi kujiridhia, huo ni mgongano wa maslahi. Basi ridhaa itolewe na mtu huru, asiye ndugu, anayejua kwa hakika kwamba mtoto huyo yumo kwenye orodha. Na mtu wa namna hiyo haruhusiwi kuwepo.

Nilimweleza haya yote taratibu, kama Mwalimu Kiswaga alivyonieleza kugawanya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka Eliakimu, wewe ulisoma haya ukubwani?"

"Ndiyo, mama. Jioni."

"Basi ungelala tu."

Niliporudi nyumbani nilimweleza Mungu. Namweleza kila kitu, kwa kuwa Yeye tayari anajua, kwa hiyo sivunji kanuni.

*

Orodha hiyo ya siri ilitunzwa vizuri. Nakala moja alipewa mwenye kiwanda, kwa kuwa yeye ni mdau wa maendeleo; akawahamisha watoto wa msimamizi wake, akabaki na watoto wa vibarua. Nakala nyingine ilikwenda ofisi ya chama kama shukrani. Nyingine ilifungiwa maandazi na mama anayeuza chai nje ya geti, lakini yeye hajui kusoma, kwa hiyo Kamati ilihesabu kwamba hakuna uvujaji.

Mwezi wa Januari Mama Atupele alikuja dirishani na uso ambao sikuwahi kumwona nao.

"Kampuni ya bima ya mazishi imenipigia simu," alisema. "Kikundi chetu cha kina mama tulijiandikisha wote, sisi na watoto wetu. Mtu akaniita kwa jina langu kamili, akamtaja mwanangu kwa jina lake kamili, akasema wanasikitika, kwa sasa hawawezi kumpokea Atupele. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hawezi kuniambia. Akasema ni siri yangu."

"Pengine ni kosa la mtandao," nilisema.

"Jirani yangu watoto wake watatu wote wamepokelewa."

"Pengine mtandao kwao uko vizuri."

"Kwa hiyo nimeshajibiwa."

"Hapana, mama. Hilo si jibu rasmi. Halina namba."

Sikumdanganya. Kwa kanuni zetu, mtu akijua jambo bila namba ya kumbukumbu, anahesabiwa kuwa hajui. Aliondoka. Jumatatu iliyofuata alirudi, akakaa kwenye benchi la wageni, na tangu hapo hakuuliza tena. Alikuwa anakaa tu, mpaka ofisi inafungwa, huku akiuangalia mlango wa masijala. Nilimpelekea chai. Mkono wangu wa chai haujasahau.

*

Ijumaa iliyopita Daktari Ngwanda aliita kikao. Wafadhili walikuwa wameandika wakiuliza kama orodha bado ni siri, na yeye hakutaka kujibu kwa kubahatisha. Ilibidi mtu aingie ghorofa ya sita, afungue kabati, aisome orodha yote, aone kama bado ni siri. Maofisa wakubwa walijitoa mmoja mmoja, kwa kuwa wote walikuwa na nakala nyumbani na hawakutaka kuiona tena. Nikachaguliwa mimi. Nilichaguliwa kwa sababu ninajua kusoma, na kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika kwamba ninajua.

Niliingia na maofisa wawili waliosimama wakitazama ukuta. Orodha ilikuwa karatasi moja tu. Nilikuwa nimetegemea kitu kizito zaidi. Nilisoma polepole, kidole chini ya kila jina, kama ninavyosoma Zaburi. Mstari wa sita ulisema: 0263. Atupele, msichana, miaka saba, Mtaa wa Mabanzi. Kiwango, mara tisa ya kinachoruhusiwa. Matokeo yamepokelewa Aprili.

Kidole changu kilikaa hapo muda mrefu, mpaka ofisa mmoja akauliza, bila kugeuka, kama nimekutana na neno gumu.

Niliandika ripoti: Orodha imekaguliwa, ni siri. Nikashuka kwa ngazi mpaka chini, pale chini ya ngazi ambapo zamani niliweka jiko la chai, nikapiga magoti.

Jumamosi na Jumapili nilifunga. Kanisani mchungaji alihubiri kuhusu vipofu kufumbuliwa macho. Nilitoka kabla ya ibada kwisha.

*

Leo asubuhi, nikiwa bado nimelowa, niliitwa kwa Daktari Ngwanda.

"Sengasu, ile orodha uliisoma?"

"Niliisoma, mzee. Nilitumwa."

"Ulitumwa kusoma. Nani alikutuma kuelewa?" Alisukuma kikombe chake pembeni. "Bi. Shamsa ananiambia Ijumaa ulilia chini ya ngazi. Mtu halii kwa kitu asichokielewa. Sasa wewe unajua. Lazima uapishwe leo leo."

"Sawa, mzee. Naomba niseme neno moja."

"Fupi."

"Dawa zilizo kwenye friji zinakwisha muda tarehe thelathini na moja mwezi huu. Na mama wa mmoja wao yuko hapo chini kwenye benchi."

Daktari Ngwanda alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa. "Sengasu, dawa zikiisha muda wake, tutafanya utafiti wa kujua kwa nini hazikutumika. Hiyo ndiyo kazi yetu. Tukianza kutibu, tutakuwa hospitali."

"Na yule mama, mzee?"

"Umenikumbusha jambo. Kanuni inataka shahidi wa tatu wa kiapo atoke katika jamii iliyotafitiwa, na mwenyekiti wa Mabanzi ana homa. Yule mama yupo hapa kila Jumatatu, hana kazi. Mwambieni apande."

Nilipewa Fomu ya Kiapo na dakika kumi. Nilikwenda nayo chini ya ngazi. Nilimuuliza Mungu nifanye nini. Nilimuuliza kwa maneno ya kawaida, halafu kwa Zaburi, halafu bila maneno. Alikaa kimya kama mtu aliyeapishwa kabla yangu.

Basi nikafanya kile nilichofundishwa. Nilitoa kalamu nikajaza fomu. Nataka ieleweke kwamba sikuwa na nia nyingine yoyote. Fomu inauliza: hutamwambia nani? Nami nilimjua. Inauliza: hutamwambia nini? Nami nilikijua. Mwalimu Kiswaga asingekubali "mtu yeyote" na "chochote". Angeizungushia alama nyekundu na kuandika pembeni, Jibu halijakamilika. Niliandika kwa herufi za kuachana, na mahali palipopungua nafasi niliendelea nyuma ya karatasi.

Daktari Ngwanda alitia sahihi chini bila kusoma, kwa kuwa fomu iliyojazwa ni siri ya aliyeijaza.

Ukumbini walikuwepo Daktari Ngwanda, Bi. Shamsa na Mama Atupele. Mama Atupele aliketi kwenye kiti cha plastiki, khanga yake imelowa mabegani, dole gumba lake limekwisha kupakwa wino tayari kwa kushuhudia. Hakujua ameitiwa nini. Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia jirani aliyekutana naye polisi.

"Shahidi wa jamii," Daktari Ngwanda alimwambia, "kazi yako ni ndogo lakini ni tukufu. Utasikiliza. Ofisa akimaliza, utatia dole, kuthibitisha kwamba umesikia kila neno. Kanuni ya tisa inasema kiapo kikishaanza hakikatizwi na mtu, hata na mimi, na shahidi haondoki mpaka kiishe. Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa. Mwanangu nimemwacha kwa jirani."

"Hatutachukua muda."

Nilisimama. Niliyajua yaliyo mbele. Nilijua ufunguo wa friji uko kwenye mfuko wa suti ya Daktari Ngwanda. Nilijua kwamba namba bila barua ya Wakala ni tarakimu nne tu, kwamba barua ingehitaji kikao, na kikao kisingekaa kabla ya Aprili. Nilijua kwamba kesho kwenye dirisha langu atakaa mtu mwingine, ambaye hatajua kusalimu. Nilijua pia alichosema mganga, kwamba dawa hairudishi kilichokwisha kuliwa.

Bi. Shamsa aliacha kutafuna. Daktari Ngwanda aliinamisha kichwa, kama anavyofanya kwenye wimbo wa taifa. Mvua ilikuwa imezidi juu ya bati, kwa hiyo nilipandisha sauti ili shahidi wa jamii asikose hata neno moja.

"Mimi, Eliakimu Sengasu," nilisoma, "naahidi mbele ya mashahidi hawa kwamba sitamwambia Mama Atupele wa Mtaa wa Mabanzi, aliyeketi hapa mbele yangu, kwamba mwanawe Atupele ni mmoja wa wale kumi na mmoja, kwamba namba yake ni sifuri, mbili, sita, tatu, kwamba boksi lenye namba hiyo liko kwenye friji ya masijala, rafu ya chini, nyuma ya juisi, na linakwisha muda tarehe thelathini na moja mwezi huu, na kwamba haya yote tuliyajua tangu Aprili ya mwaka juzi, wakati Atupele alikuwa bado anahesabu mpaka mia."